Neno la Siri la Seva ya Shule

Baba watoto,

Hatujambo. Mdogo ameota jino la pili na ananiuma nikimnyonyesha, kwa hiyo nisamehe kwa mwandiko.

Ile seva, kompyuta kuu uliyoifunga shuleni, iligoma. Mkuu wa shule alisema, "Mumeo ndiye mwenye neno la siri. Tumsubiri."

Nikamjibu, "Mwalimu, mimi nimemsubiri miezi saba, na simu hapokei. Wanafunzi wana mtihani wa kompyuta Jumatatu. Nitaiwekea mfumo upya mwenyewe."

Akaguna, akaniuliza nitaweka mfumo endeshi gani. Ofisini wanatumia Windows, maabara ni Linux, na yeye ana Mac yake ya kuringia. Nikaifuta seva yote nikaweka Linux, kwa sababu inasikilizana na zote tatu, na ikigoma naitengeneza mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni. Jumatatu mtihani ulifanyika.

Majina ya watumiaji niliyaandika upya, lako pia. Ila zamani msimamizi ulikuwa wewe peke yako. Sasa ni mimi, nawe nimekuweka mtumiaji wa kawaida.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Nafasi yako ipo. Njoo, lakini ubishe hodi.

Ni mimi,
Mama watoto