Paneli Tatu za Kabati la Gemu

Jumatatu, 3 Machi

Kabati limesimama! Fundi seremala wa ghorofa ya chini amelileta asubuhi, akilisukuma koridoni taratibu kama anamsindikiza bibi harusi. Limepita mlangoni kwa upana wa kidole. Alijigamba kwamba kupima ni kazi yake. Kisha akauliza: gemu ni za wajukuu? Nikamwambia ni zangu na mdogo wangu. Akanitazama kuanzia mvi hadi kandambili.

"Wazee wa siku hizi!"

Ameshuka ngazi zote anacheka. Acha acheke.

Mdogo wangu anafika Jumapili. Miaka thelathini na minane hatujaonana. Siku tuliyokimbia, lori lake lilikwenda kaskazini, langu magharibi, na kila mmoja akazeekea alikoshushwa. Kwenye simu hatuna maneno. Hujambo kaka, sijambo, na wewe je — halafu tunasikiliza jinsi tunavyopumua. Ninachoogopa ni hicho: wiki nzima sebuleni, tukipumua.

Zamani haikuwa hivyo. Mtaani kwetu kulikuwa na duka lenye mashine moja ya gemu, na mbele yake hatukunyamaza hata dakika. Tulitupiana maneno mpaka mwenye duka akatufukuza sote wawili. Nautaka ugomvi ule. Kabati ni kwa ajili hiyo, basi.

Jumanne, 4 Machi

Paneli mbili, vile vibao vya kuchezea vya kubadilishana, zimekwisha! Ya kwanza ina fimbo mbili, na vitufe sita kando ya kila fimbo. Ya pili ina mpira wa kuviringisha kwa kiganja. Zote zinaingia kwenye soketi moja ya kabati, yenye matundu ishirini na matano: kumi na matatu safu ya juu, kumi na mawili safu ya chini. Nimeing'oa kwenye printa iliyojifia. Fungua makomeo mawili, chomoa, chomeka, funga. Dakika moja!

Waya wa ethi, ule wa ardhi ambao vitufe vyote huutumia pamoja, nimeupitisha kitufe hadi kitufe, kama uzi kwenye shanga. Ncha ya moto ikigusa solda, ile risasi ya kulehemu, mkono unatulia. Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye mitambo ya simu. Vidole havisahau.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa dirishani na cherehani yake. Akaniambia ninaimba. Sikujua.

Jumatano, 5 Machi

Aibu! Nimewasha. Nasukuma fimbo juu — mashine inadhani nimetia sarafu. Nabonyeza kitufe cha kupiga — jamaa wa kwenye kioo anatembea kushoto mpaka anatumbukia shimoni. Nimefuatilia waya mmoja mmoja tangu kifungua kinywa. Kila mmoja uko kwenye nambari yake!

Mkwe akachoka kusikia nikiguna. Akaishika plagi ya paneli mkono huu, soketi mkono ule, akazikutanisha.

"Baba, ulihesabu kutoka wapi?"

"Kushoto."

"Zote?"

"Zote, ndiyo. Mimi si mtu wa kubahatisha."

"Basi umekata mikono ya shati bila kugeuza kitambaa. Una mikono miwili ya kushoto."

Nikakaa chini. Zikikutana zinatazamana uso kwa uso; kushoto kwa hii ni kulia kwa ile. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua! Nilikuwa na haraka ya furaha. Miaka kumi na mmoja ya mitambo ya simu, leo nafundishwa na cherehani. Tumecheka hadi amedondosha pini zake zote, na tumeziokota kwa sumaku ya spika.

Nimelehemu soketi upya. Ni pini ya saba peke yake iliyokuwa sahihi, kwa kuwa inakaa katikati kabisa ya safu ya juu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wa mdogo wangu amepiga simu. Mumewe alipata kiharusi, mwaka jana. Anatembea, anaongea, lakini mkono wa kushoto haunyanyuki. Alikataza nisiambiwe.

"Shemeji, usimwambie nimesema. Na usimhurumie. Ukimhurumia, atapanda basi la kurudi siku hiyo hiyo."

Fimbo inataka mkono mmoja. Vitufe vinataka mwingine.

Sikugusa waya leo.

Ijumaa, 7 Machi

Paneli ya tatu! Fimbo kwa mkono wa kulia, kupiga na kuruka kwa miguu. Mkwe amenipa pedali za cherehani zilizokuwa stoo, nne. Nimetoa matumbo yake, nikaweka swichi ndogo ndani. Ukikanyaga inasema "tik". Pande zote mbili ziko sawasawa. Mimi pia nitacheza kwa mkono mmoja. Nitamwambia ndio mtindo wa kisasa.

Tumejaribu, mkwe na mimi. Tulitwanga sakafu mpaka seremala akapanda kuuliza nani anahama. Akaambiwa akae ajaribu. Amekaa saa nzima! Amenishinda mara tano, na ananiita "mwanafunzi wangu".

Jumapili, 9 Machi

Amefika. Ana uso wa marehemu mama. Sikutegemea hilo.

Tulikumbatiana, tukaulizana habari za safari. Salama. Na nyumbani? Salama. Kisha ikaja, ile pumzi. Nikamwonyesha kabati haraka. Akalizunguka. Akaona pedali. Akakanyaga moja: tik.

"Nani amekwambia?"

Nikasema ndio mtindo wa kisasa.

"Kaka. Tangu utoto hujui kusema uongo. Masikio yanakucheza."

Nikajua nimeharibu. Akasema toa hiyo paneli. Nimeitoa. Dakika moja? Zilikuwa tano, vidole vyangu vilikataa makomeo. Akaonyesha kwa kidevu ile ya kwanza, ya vitufe. Nikaichomeka. Akavuta kiti, akashika fimbo ya kwanza kwa mkono wake wa kulia, akanigonga begani kwa kichwa nisogee.

"Mimi natembea, wewe unapiga. Tucheze mtu mmoja."

Tumekufa kabla hatujahesabu kumi.

"Umelala?"

"Wewe ndiye umemkimbiza ukutani!"

"Nimekwambia ruka!"

"Umeniambia baada ya shimo!"

"Enhe, na wewe ulitaka barua?"

Mkwe amefunga dirisha kwa ajili ya majirani. Seremala anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Sauti imenikauka. Tumefika hatua ya nne! Pale dukani hatukuwahi kuvuka ya tatu.

Naandika nikiwa nimesimama jikoni, nimekuja kuchota maji. Anasema ile roho ya gemu tuliyoiteketeza sasa hivi ni kosa langu. Lake! Daraja lilikuwa wazi kabisa, yeye kaganda katikati. Sasa anauliza kwa sauti kama nimekwenda kuchimba kisima. Nakuja! Imebaki roho moja, na namsikia ameshaanza, peke yake, bila vitufe —