Bipu Tatu

Jumatatu, 6 Novemba 2006. Dongobesh

Saa moja jioni nimembipu baba. Mara tatu za kwanza kimya, ya nne ikaita. Nikakata. Akajibu kwa bipu moja. Mzima.

Ndiyo mapatano yetu tangu nilete barua ya ukarani hapa ofisi ya kata, miezi mitatu sasa. Bipu moja: mzima. Bipu tatu: nina shida, njoo. Baba yuko Gitting peke yake tangu mama afariki. Ana pumu. Kuongea kwenye simu hataki, anasema sauti yangu mle ndani si yangu.

Bipu moja kwa siku. Sina mazungumzo mengine.

Jumanne, 7 Novemba

Karatasi za ofisi bado zimeandikwa Mkoa wa Arusha. Nakata jina kwa mstari wa rula, naandika Manyara, mkoa wetu mpya. Leo nimesahau moja. Mtendaji wa kata, bosi wangu, ameiinua mbele ya watu. Namwogopa. Akipita tu, nainamia karatasi.

Jioni mtandao umejaa. Mama Zuhura, mwenye nyumba, amenikuta uani nimeinua simu juu. "Karani, saa hii mji mzima uko hewani. Ngoja watu wakasonge ugali." Nimengoja. Saa mbili ikaita. Baba hakujibu. Hulala mapema.

Jumatano, 8 Novemba

Siku ya mnada. Wenye ng'ombe, wenye vitunguu, kila mmoja simu sikioni. Mnara ni mmoja.

Nimeanza saa kumi na mbili na nusu. Kimya, nakata. Kimya, nakata. Halafu yule mwanamke wa kwenye simu: jaribu tena baadaye. Sijui nimejaribu mara ngapi. Bipu ya baba haikuja.

Siku mbili sasa. Nawaza kifua chake.

Alhamisi, 9 Novemba

Asubuhi mtandao uko wazi, lakini simu ya baba haipatikani. Nimeomba ruhusa ya kwenda Gitting. Mtendaji akasema, "Karani, hiyo simu imekuoa? Maliza muhtasari kwanza." Nikarudi kukaa. Mtu mwingine angeondoka. Mimi nimekaa.

Saa sita nimempata kwa simu mwalimu, jirani yetu wa Gitting. Baba ameondoka alfajiri. "Jana si ulimbipu tatu? Anasema unaumwa."

Kumbe kwangu kimya, kwake ilikuwa inalia. Nilitaka kumwambia mimi mzima. Nimemtoa nyumbani.

Hajawahi kusafiri mbali zaidi ya Katesh. Abadilishe gari Dareda, apande mlima, na mvua inanyesha tangu saa saba. Hajui ninakokaa. Nimechapa muhtasari wote, sikumbuki neno hata moja.

Gari la saa kumi, hayumo. Kondakta anasema kuna utelezi mlimani, gari la nyuma limekwama, abiria wanasukuma. Baba, na pumu yake, asukume gari. Nimesimama stendi na mwavuli sijaufungua.

Limeingia saa kumi na mbili. Ameshuka wa mwisho, koti la kanisani lina tope hadi kifuani. Nikasema shikamoo. Alishika mlango wa gari muda mrefu ndipo akaweza kuitikia.

Ijumaa, 10 Novemba

Baba amelala kitandani kwangu, mimi kwa Mama Zuhura. Ameamka anapumua vizuri.

Kwenye uji nimemweleza. Mnara mmoja, watu wengi, simu inayolia upande mmoja tu. Nimeeleza kwa utaratibu kama ninavyoandika ofisini. Amesikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hukuniita?"

Alikuwa anatazama mikono yangu. Nimekonda, najua.

Nikasema nilimwita.

"Haya," akasema. Akamaliza uji.

Hakutaka kubaki nyumbani. Amekuja kukaa kwenye benchi nje ya ofisi. Mtendaji alipofika alivua kofia, akamwamkia shikamoo mzee, akaingia bila kuniuliza kitu. Nimechapa barua za vijiji. Kutoka mezani kwangu, dirishani, naona mgongo wa baba. Unapanda, unashuka, polepole.