Nenosiri la Fundi Rangi

Nyumbani kwa baba yako,
Ghorofa ya Pili.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Salamu tele zikufikie huko uliko, wewe, mume wako na huyo malaika wetu mchanga. Unapata usingizi? Mgongo umetulia? Usianze kubeba ndoo mapema, nakuonya. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto limeanza tena ukaidi wake.

Najua juzi tumeonana kwa kile kishikwambi ulichotutumia. Lakini yapo mambo nisiyoweza kuyasema baba yako akiwa ameketi ubavuni mwangu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kifaa kilipofika, baba yako alikipokea kwa mikono miwili kama hati ya nyumba. Akavaa miwani, akabonyeza, akakuta kinataka mtandao, nasi hatuna. Akaanza kuzunguka nacho vyumbani akiwa amekiinua juu, hadi bafuni. Nikamwambia, "Kaka, mtandao si mbu, huwezi kuukamata hivyo."

Kesho yake akasikia kwamba kliniki ya meno hapa mtaani ina mtandao wa bure kwa wagonjwa. Akaenda, akajiandikisha kwamba jino linamsumbua, akakaa kwenye benchi. Kabla hajamaliza kuandika nenosiri, akaitwa ndani. Alirudi na pamba mdomoni, jino hana, mtandao hana.

Ukabaki mtandao mmoja tu, wa fundi rangi wa mlango wa pili, yule mgane ambaye baba yako hajasalimiana naye miaka mitatu. Ukimuuliza sababu, husema, "Yule ana dharau," basi. Siku nne zikapita, picha ya mjukuu hatujaiona, kisa kiburi cha watu wazima wawili. Siku ya tano nikavaa viatu, nikaenda kubisha hodi mwenyewe.

Fundi rangi alinisikiliza, akakuna kidevu, akaona haya. Kisha akaandika nenosiri kwenye kipande cha karatasi, akanipa huku anatazama chini. Nikasoma pale pale mlangoni: rudishangaziyangu.

Mwanangu, moyo ulinipiga pa! Rudi, shangazi yangu! Si unajua jengo zima huniita Shangazi, na mwaka jana nilikaa miezi sita kwa dada yangu? Kumbe kuna mtu alikuwa akinihesabia siku! Nilirudi ndani natembea kama bibi harusi, goti limepona lote.

Baba yako akaisoma ile karatasi, akasawajika.

"Hapa hakuna shangazi," akasema kwa sauti ndogo. "Hii ni rudisha ngazi yangu."

Kumbe miaka mitatu iliyopita aliazima ngazi ya jirani ili abadilishe balbu. Akachelewa kuirudisha, akaona aibu, na aibu ikageuka ugomvi. Ngazi yenyewe ilikuwa nyuma ya kabati lake, ameitundikia mashati! Fundi rangi bila ngazi, hebu fikiria.

Tukaitoa, mimi nimeshika huku, yeye kule. Mlango ulipofunguliwa, baba yako alisema tu, "Samahani, jirani, nimechelewa kidogo."

"Kidogo!" fundi akasema, akacheka mpaka akaishikilia ngazi asianguke. Akatuvuta ndani, akatuambia kwake mtandao unakamata vizuri zaidi. Ndiyo maana ulituona kwenye sebule yenye kuta za kijani, na mzee usiyemtarajia nyuma yetu akipunga mkono.

Usilolijua ni hili. Ulipokata, baba yako alibaki anakitazama kioo kilichozimika. Akatoa leso, akakifuta kioo, kisha akajifuta macho.

"Ana masikio yangu," akasema.

Fundi rangi akamkagua upande huu, akamkagua upande ule. "Kweli kabisa," akasema. "Lakini bado ni mchanga, huenda yakarekebishika."

Mwanangu, sijamsikia kaka yangu akicheka hivyo tangu mama yako atutoke.

Nisalimie mume wako, mama mkwe wako na wifi yako yule mcheshi. Mola awafunike kwa rehema zake, na huyo mdogo ampe afya, na uvumilivu wa kuwa na babu kama huyu.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Shangazi yako.