Kumbukumbu za Kikao cha Sare na Adabu Kuhusu Bega la Kuvalia Mshipi

KLABU YA WABEBA FANUSI, KANISA LA KIJITONI, HALSVIK, DAKOTA YA KASKAZINI

Tarehe: Jumapili, 12 Oktoba 2025, mara baada ya ibada
Mahali: Chumba cha kahawa, chini ya kanisa

Waliohudhuria:
Bi. Ardis Kvamme, Mwenyekiti
Bi. LaVonne Skaar, Mtunza Sare
Mchungaji Dwight Nygaard, Mlezi (hapigi kura, na hushukuru kwa hilo)
Bw. Verlyn Rostad, Katibu

Walioalikwa: Maren Heupel, miaka 13, mwanachama, na mama yake, Bi. Tess Heupel

Hakuhudhuria: Bw. Duane Foss, kwa udhuru wa mavuno ya viazisukari. Mwenyekiti alisema viazisukari huwa vinaiva kila palipo na jambo gumu.

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 6:40 mchana. Aliomba kikao kiwe kifupi kwa kuwa viazi vyake vya jibini vilikuwa bado motoni. Kikao hakikuwa kifupi.

KUMB. NA. 2/10/2025: ADABU KWA UJUMLA

Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba Jumamosi ijayo, tarehe 18, klabu yetu itashiriki gwaride la vilabu vya makanisa huko Fargo kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Aliagiza kwamba watoto wasitafune ubani mstarini, wasivae bereti mezani, na viatu visiwe na tope la shambani. Mashati yatapimwa kwa rula kama kawaida, beji ya mfukoni ikae sentimita moja juu ya mshono, si moja na nusu.

Bi. Skaar aliuliza kama huko Fargo kuna mtu atakayekuja na rula. Mwenyekiti alijibu kwamba wao wakija bila rula, sisi tutakuwa nayo.

KUMB. NA. 3/10/2025: SHAURI LA MAREN HEUPEL

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, ambamo iliandikwa kwamba siku ya sikukuu ya mavuno Maren Heupel aliondolewa mstarini "kwa kuvaa mshipi wa beji kinyume, na kwa ukaidi", na kwamba amevuliwa nafasi ya kubeba fanusi mbele ya klabu huko Fargo. Neno "ukaidi" Katibu aliliandika kwa kuambiwa. Hakulipenda, lakini aliliandika, na hilo ni kosa lake.

Kwa faida ya kumbukumbu: fanusi hubebwa na mtoto aliyekwenda mara nyingi zaidi kuwatembelea wazee wa nyumba ya kulelea. Tangu Oktoba ya mwaka jana Maren amekwenda Jumapili hamsini na moja. Anayemfuata kwenye orodha ana Jumapili kumi na tisa. Anaitwa Kaylin Kvamme, na ni mjukuu wa Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema jambo hilo halihusiani. Hakuna aliyesema linahusiana.

Mwenyekiti alieleza kwamba tangu afufue klabu hii mwaka 1994, kila mtoto, na yeye mwenyewe pamoja nao, amevaa mshipi kutoka bega la kushoto kushuka nyonga ya kulia. Maren alikuja ameuvaa bega la kulia, alipoambiwa augeuze akakataa mbele ya wageni.

Bi. Heupel aliomba nafasi ya kusema. "Mwanangu hakukataa, mama. Aliuliza kwa nini. Mkamkalisha na vikongwe kwenye benchi kama mwizi wa kuku. Alilia kutoka hapa mpaka nyumbani, na nyumbani kwetu ni maili kumi na tisa."

Mwenyekiti alisema pole, lakini sare ni sare.

Maren aliulizwa na Mchungaji nani alimfundisha kuvaa vile. Alijibu: "Mwongozo wa klabu, ukurasa wa kumi na nne. Uko kabatini chini ya birika la kahawa. Huwa namsubiri mama hapa mpaka atoke kazini, nikausoma wote."

Mwenyekiti aliuliza nani alimruhusu kufungua nailoni iliyofungia mwongozo. Iligundulika kwamba tangu 1994 mwongozo umekaa kabatini bila kufunguliwa na mtu mwingine yeyote. Bi. Skaar aliuleta na kusoma ukurasa wa kumi na nne kwa sauti. Unasema bega la kulia. Akausoma tena, polepole, kwa ombi la Mwenyekiti.

KUMB. NA. 4/10/2025: PICHA YA UKUTANI

Mwenyekiti alisema mwongozo umeandikwa na watu wa ofisini, lakini mila ya Halsvik iko kwenye picha ya mwaka 1974, iliyotundikwa juu ya meza ya kahawa, inayoonyesha kundi la kwanza kabisa la klabu. Ni kwa picha hiyo aliifufua klabu. "Mimi nimo humo, nina miaka kumi na mitano," alisema. "Bega la kushoto. Nakumbuka vizuri, nilikuwepo."

Mchungaji aliitungua picha na kuiweka mezani. Ni kweli, watoto wote wamevaa bega la kushoto. Mwenyekiti alikunja mikono.

Hapo Katibu alimwangalia marehemu Einar Foss, mwanzilishi, aliyesimama pembeni pichani ameweka mkono begani kwa Ardis. Mkono ule ni wa kulia, na hauna vidole viwili. Katibu alisema, "Einar alikatwa vidole vya kushoto."

"Verlyn, usinianze," alisema Mwenyekiti.

Katibu alieleza kwamba mwaka 1972 mashine ya kuvunia viazisukari ilipomkata Einar, ni yeye Katibu, akiwa na miaka kumi na saba, aliyemkimbiza hospitali kwa lori la viazi. Mkono wa kushoto wa Einar ndio uliokuwa upande wa dereva, umefungwa kwa shati la Katibu. Mwenyekiti aliuliza kama haiwezekani marehemu alipata ajali mbili. Katibu alijibu kwamba ajali ilikuwa moja, na shati lilikuwa moja.

Bi. Skaar alikumbuka kwamba picha za siku zile zilitolewa kwenye kipande cha filamu, na fundi akikiweka kipande upande wa nyuma kila kitu hutoka kimegeuka. Kwenye picha hamna bango wala maandishi, ndiyo maana hakuna aliyeona. Katibu mwenyewe amekunywa kahawa chini ya picha hiyo miaka hamsini na moja, na anakiri hapa kwamba alikuwa akitazama keki.

Kikao kilihamia kwenye korido, mbele ya kioo kilicho karibu na makoti. Mchungaji aliishika picha ikitazama kioo. Einar akarudishiwa vidole vyake vya kulia. Watoto wote walikuwa wamevaa mishipi bega la kulia, Ardis wa miaka kumi na mitano akiwa wa kwanza, amenyooka kama msumari. Wajumbe walirudi mezani. Mwenyekiti alibaki mbele ya kioo kwa muda, na hakuna aliyemwita. Katibu alimhurumia, ingawa hakutegemea.

KUMB. NA. 5/10/2025: NINI KIFANYIKE KABLA YA FARGO

Mwenyekiti aliporudi alisema makosa yametokea na si ya mtu mmoja. Aliuliza kama mishipi yote inaweza kugeuzwa kabla ya Jumamosi.

Bi. Skaar alikuja juu. "Mishipi thelathini na minne, Ardis! Beji mia mbili na kumi na mbili! Ukigeuza bega, beji zote zinakwenda mgongoni, inabidi nifumue moja moja. Mimi nina sindano, sina malaika."

Mwenyekiti alipendekeza kwamba Maren arudishiwe fanusi, ila kwa ajili ya umoja avae kama wenzake, bega la kushoto, kwa siku hiyo moja tu. Bi. Heupel alisema Maren ndiye mtoto pekee aliyeshona beji zake mwenyewe, na akigeuza mshipi atapita Fargo nzima ameshika fanusi na beji zake zote ziko mgongoni. "Yaani aliyevaa sawa ndiye aonekane hana kitu?" aliuliza. Mwenyekiti alisema mstari mmoja lazima ufanane.

Kura zilipigwa. Waliokubali: Mwenyekiti, na Bi. Skaar ambaye alisema anakubali kwa sababu ya vidole vyake. Aliyekataa: Katibu. Mchungaji alipendekeza tuombe. Pendekezo la Mwenyekiti lilipita.

KUMB. NA. 6/10/2025: OMBI LA MAREN HEUPEL

Maren alisimama bila kuitwa, jambo ambalo kwa kanuni za adabu lina onyo. Alisema: "Nitauvaa mnavyotaka. Fanusi naitaka, bibi Agnes wa nyumba ya wazee, chumba namba nane, nimemwahidi. Lakini kwenye kitabu chenu mmeniandika mkaidi. Muandike pia kwamba nilikuwa nimevaa sawa."

Mwenyekiti alisema jambo hilo limekwisha, na aliagiza lisiandikwe.

Katibu anaandika: Siku ya sikukuu ya mavuno Maren Heupel alikuwa amevaa sawa. Sisi wengine wote, wakubwa kwa wadogo, tulikuwa tumevaa kinyume. Neno "ukaidi" katika kumbukumbu zilizopita limefutwa na aliyeliandika.

KUMB. NA. 7/10/2025: KUFUNGA

Mchungaji aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba katika chumba hiki. Watu walitawanyika saa 8:10 mchana. Viazi vya jibini vilikuwa vimeungua.

Katibu: V. Rostad (imesainiwa 12 Oktoba 2025)

Mwenyekiti, kwa mwandiko wake:

13 Oktoba. Kumb. Na. 6 ifutwe. Sisaini mpaka ifutwe.

18 Oktoba, Fargo. Isifutwe. Vilabu vingine ishirini na kimoja, vyote bega la kulia. Mshipi wa Maren nimeurudisha kulia kwa mikono yangu kabla gwaride halijaanza. Wangu nimeuacha kushoto, ili wale watoto wengine thelathini na watatu wasiaibike peke yao.

A. Kvamme