Samadi ya Jirani

Shamba la Mkonge, Tanga

Mke wangu, Mama Anselmi,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila kifua hunibana asubuhi kwa vumbi la mkonge. Wewe na watoto mnaendeleaje? Mguu wa mama umepata nafuu?

Barua yako imefika. Nimelikuta humo jina la Deusi, jirani yetu, mara nyingi kuliko jina langu. Unasema ulezi wetu umegeuka manjano na wake umekoza kijani. Hilo nilikwisha kuambiwa. Kijana wa Mwimbi, si mbali na kwetu Mollo, aliyerudi kutoka likizo alilipita shamba letu, akanitania mbele ya makarani wenzangu: "Shikamoo mzee. Ulezi wako una homa. Rudi Mollo. Mwanamke akichoka kuutazama wake, huutazama wa jirani." Walicheka hadi kengele ya kazi ilipolia.

Unanilaumu kwamba matuta ya mwaka jana yalichelewa kwa kuwa nilikukataza kupika pombe na kuwaita watu wa kulima. Nilikataza kwa sababu nilimjua atakayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho.

Sasa sikiliza. Nyasi tunazozifukia ndani ya matuta ndizo chakula cha ulezi, lakini sharti zioze. Zako zilifukiwa mvua ikiisha, zikabaki kavu. Ulipoyabomoa matuta na kupanda, ndipo zikaanza kuoza, zikaunyang'anya udongo kile chakula kinachotia majani rangi. Bwana shamba wa hapa hutueleza kwamba kipo kingine cha mizizi, na kingine cha kuimarisha shina. Kikikosekana kimoja, vingine havizibi pengo lake. Maadamu mvua ingaliko, samadi iliyooza vizuri, ikitiwa kando ya miche na kufunikwa udongo, yaweza kuuokoa ulezi. Bila hiyo watoto watalala njaa.

Sisi hatuna ng'ombe. Deusi anao, naye, kama ulivyoandika kwa furaha nisiyoielewa, amejitolea kuileta mwenyewe.

Ikubali samadi. Mdogo wangu Kalisti akaichukue zizini, aibebe yeye na kuitia yeye. Pombe ya shukrani Deusi apelekewe kwake, kwa mkono wa mama. Matuta ya mwaka huu yaanzwe mapema, na watu waitwe. Nimekwisha kuomba likizo.

Nisalimie mama, Kalisti, na dada yangu aliyeolewa Kasanga. Deusi mwambie nimeshukuru. Usimwambie zaidi ya hapo.

Mimi mume wako,
Baba Anselmi