Bugi Nne kwa Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Nimefagia, nimechemsha chai, nimekunywa peke yangu. Neema hakuja tena. Tangu Pasaka binti yangu hajakanyaga hapa, na nyumba yake iko mtaa wa pili tu. Sharti lake ni moja: nimshukuru mume wake. Nilipougua kule Katogota, mkwe alikuja na gari lake la jipu, akapita kwenye matope ambayo malori yalikuwa yameyakimbia, akanifikisha hospitali hapa Uvira nikiwa sijitambui. Sawa. Nimepona. Lakini huyo alipoposa nilimkataa mbele ya ukoo mzima. Nilisema ana mke tayari, mke wa chuma. Nikisema asante leo, nimemeza maneno yangu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata njia. Zawadi. Kubwa, ya ghafla, mbele ya watu. Itaniokoa nisifungue mdomo.

Kumpa nini? Nguo hajui kuvaa. Kitabu, tusicheke. Anapenda injini tu. Kila Jumamosi yeye na rafiki zake wanafungua boneti pale karibu na mto Kalimabenge na kuinamia. Hawatengenezi kitu. Wanatazama. Mmoja akisema neno, wengine wanatikisa vichwa kama mashemasi. Watu wazima, wana watoto.

Basi nitampa vyuma vipya, injini yake ipate nguvu. Ashangae, anyamaze.

Ijumaa, 7 Juni
Kwa Fundi Byamungu, gereji. Mafuta mpaka kwenye kiti alichonipa. Sikukaa.

Akanionyesha kabureta kubwa, ya kupeleka mafuta mengi kwenye injini. Akanionyesha bugi za aina ya juu, vile vidude vinavyowasha moto ndani. Alizishika kama hostia. Halafu akauliza:

“Mama mwalimu, motere ya ile gari iko ya esanse ao ya mazutu?”

Nitajuaje? Mama mkwe hafungui boneti ya mkwe wake. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni, jina lake silitaji. Hata kumwuliza Neema nisingeweza, angejua. Katika gari lile nimepanda mara moja, nimelazwa kama gunia la mpunga. Lakini miaka thelathini na mbili nimesimama mbele ya darasa, na fundi mwenye ndala hawezi kunikuta sina jibu. Mazutu, yaani dizeli, ni ya malori na mashine za kusaga. Nikasema esanse, petroli.

Vitu vitaletwa kutoka Bujumbura.

Jumapili, 16 Juni
Nimemaliza. Baada ya misa, uani kwa Neema, ndugu wote wapo. Nilikaa kwenye mkeka nyuma, uso pembeni, kama inavyotakiwa. Neema alimpelekea karto, lile boksi la vyuma, kwenye sinia. Akafungua. Akatoa bugi moja, akaigeuza vidoleni. Rafiki zake wakatazama miguu yao. Mmoja akatoka kukohoa nje ya ua. Nikajua nimewamaliza.

Kisha mkwe akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, akashukuru kwa muda mrefu kuliko mahubiri ya padri. Sauti ilimtetemeka. Mwanaume mzima analilia vyuma. Nilimdharau kuliko siku zote, na nilifurahi sana.

Jumamosi, 22 Juni
Neema amekuja. Ameleta ndagala na sombe, tumekula mpaka jioni. Sikusema asante kwa mtu yeyote. Nimeshinda.

Gari liko gereji, anasema, wanaweka zawadi yangu. Wiki nzima kwa bugi nne. Wavivu.

Jumanne, 25 Juni
Jipu limepita mbele ya nyumba. Zamani lilikuwa linanguruma hadi vioo vyangu vinatetemeka. Sasa lina sauti nyembamba, kama cherehani. Nimesimama mlangoni ili majirani wanione.

Alhamisi, 4 Julai
Nilipita kwa Byamungu kumwambia kazi yake inafaa. Sifa kidogo hazimdhuru fundi. Alijifuta mikono muda mrefu. Halafu akasema:

“Mama, minye siwezi kuendelea kukudanganya. Ile gari ilikuwa ya mazutu. Mazutu haina bugi, haina kabureta. Bwana wa Neema alikuja hapa na karto yako. Nikamwambia tubadilishe ile karto. Akakatala. Akasema bantu bote walisha ona. Siku gari itapita na sauti ya mazutu, batamucheka mama. Akauzisha motere yake, akaweka ya esanse, ndogo, ile pesa iliweza.”

Injini ile aliijenga mwenyewe kwa miaka sita, kipande kwa kipande. Ndiyo iliyonitoa Katogota. Imeuzwa mjini Baraka, imefungwa kwenye boti la mtu.

Na rafiki zake amewaambia kwamba atakayecheka asisogee tena kwenye gari lake. Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa anacheka ni mimi peke yangu, hapa, katika daftari hili.

Nimerudi kwa miguu.

Ijumaa, 5 Julai
Siwezi kumwomba msamaha. Nikimwomba, atajua kwamba najua, na heshima aliyoinunua kwa injini yake itakuwa bure. Nimegeuza jambo hili kila upande. Halina mlango. Mjinga ni mimi, na ni lazima niendelee kuwa mjinga mbele yake.

Jumapili, 14 Julai
Neema amekuja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Yametoka Rurambo, kwa mama wa mume wake. Mwanawe humpandia huko mlimani kila mwisho wa mwezi. Safari hii alichelewa. Injini mpya haiwezi mlima. Ameliacha gari bondeni, akapanda kwa miguu, siku nzima. Akashuka na kibuyu begani.

Mama yake alimwuliza gari liko wapi. Akamwambia linapumzika.

Neema alinimiminia glasi, akasubiri. Mume wake alikuwa amesimama nje ya ua, mgongo kwetu, kama mkwe anavyotakiwa. Alitaka kusikia kama maziwa yamefika salama.

Nikasema kwa sauti, ili asikie, kwamba ni matamu. Nikayanywa yote. Neema akaenda kumwambia kwamba nimeyamaliza.