Kiti cha Mama kwenye Harusi ya Sifa

Yaya Mapendo,

Sifa ameolewa. Nimetaka ulijue hilo kwanza, kabla sijaanza kulia na kuharibu karatasi. Ameolewa Jumamosi iliyopita, kanisani kwetu Bukoto, na kijana Mkenya aitwaye Barasa. Ni fundi wa mitambo kiwandani, mrefu, mpole, anacheka kabla hajamaliza kusema jambo lake la kuchekesha. Ungempenda. Mama yake aliponisikia nikikutaja kwa jina la Yaya alidhani ulikuwa mfanyakazi aliyenilelea watoto, maana kwao yaya ndiye huyo. Nikamweleza kwamba sisi wa Bukavu tukisema yaya tunamaanisha dada mkubwa. Akanishika mkono akasema, "Pole sana, mama." Nikasema asante, nikageuka upande mwingine.

Sasa nikuambie la moyoni, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Nina wivu, Yaya. Siyo wivu wa kupita. Ni ule wa kulala nao na kuamka nao.

Wewe humjui Nalongo. Baba Sifa alimwoa tulipokuwa tumeshavua nguo za msiba kitambo, kwa hiyo katika hilo sina la kumlaumu. Ni Mganda, mjane, ana mapacha waliokwisha kuwa watu wazima, ndiyo sababu kila mtu humwita Nalongo, mama wa mapacha. Ana mkahawa mdogo Wandegeya, anawapikia wanafunzi wa chuo. Kiswahili chake ni cha Kampala, cha "watu iko mingi" na "chakura iko tayari," na mimi nilikuwa nikikaa jikoni kwake, jikoni kwako, nikimsahihisha kimoyomoyo kama mwalimu mkorofi. Ndicho kitu pekee nilichomzidi.

Mwanzoni Sifa alimwita Nalongo. Halafu akawa Mama Nalongo. Siku moja alikuja kwenye kibanda changu cha vitenge, simu yake ikalia, nikamsikia akisema, "Ndiyo, Mama. Sawa, Mama." Nilikuwa nakunja kitenge. Nikakikunja, nikakikunjua, nikakikunja tena. Sikumuuliza alikuwa anaongea na nani.

Basi Barasa alipoleta wazee wake na mambo yakakubaliwa, mimi nilijua zamu yangu imefika. Unakumbuka ulivyoniambia hospitalini, sauti ikiwa imeshakwisha? "Siku ya Sifa, wewe ndiye utakayesimama." Nililibeba neno hilo miaka yote. Mwenyewe nilikuwa nimeshachagua hadi mahali. Ule ukumbi wa Wandegeya, wa ghorofani. Tulipokuwa wageni Kampala, hatujui hata kuomba maji kwa Kiganda, tulisimama ng'ambo ya barabara tukitazama maharusi wakishuka kwenye magari yenye maua. Sifa alikuwa mgongoni mwako. Ulimrusha kidogo akae vizuri ukasema, "Huyu nitamwozesha humo." Nikakucheka kwa sababu hatukuwa na hata mahali pa kulala. Hukucheka wewe.

Kwa hiyo nikawapeleka. Mimi, Sifa na Nalongo. Ukumbi bado mzuri, Yaya, wameweka mapazia meupe na taa za kuning'inia, na sakafu inang'aa mpaka unajiona miguu. Nikamwonyesha Sifa pale ambapo meza ya maharusi ingekaa. Nikageuka, Nalongo hayupo. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi ya juu kabisa, ameshika magoti, anahema.

"Hii ngazi," akasema, "nani atabeba wazee?"

Nikamwambia vijana watasaidia. Akatikisa kichwa. "Mzee kubebwa kwa harusi hapana. Anaona aibu. Atasema iko mgonjwa, hatakuja." Kisha akamuuliza mwenye ukumbi umeme ukikatika jenereta iko wapi. Ilikuwa nyuma ya ukuta, chini ya madirisha. Akamwomba aiwashe. Ikawashwa, na tukaanza kupigiana kelele tukiwa tumesimama bega kwa bega. Akauliza vyoo. Vyoo vilikuwa chini, upande wa barabarani.

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Na kilichoniuma zaidi ni Sifa. Alikuwa akimtazama Nalongo vile alivyokuwa akikutazama wewe ukikadiria unga kwa kiganja.

Nikatoa silaha yangu. Nikasema, "Mama yako alipataka hapa." Sifa alitazama ngazi hadi chini. Halafu akasema polepole, "Mama hayupo wa kupanda ngazi hizi, Mama mdogo. Shangazi Bora yupo."

Shangazi Bora, aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi na fimbo mbili, ambaye hajaona harusi ya mtoto wa kwetu tangu tulipokimbia. Nikashuka ngazi mbele yao.

Ikawa uwanja wa kanisa, hapo Bukoto, kwa mahema. Nikakubali, lakini nilikubali kwa mdomo. Kamati ikikutana Jumapili, Nalongo akisema hivi, mimi nasema vile. Akisema maua ya njano, nasema ya buluu, kwa kuwa wewe ulipenda buluu. Wakaweka buluu. Nikasema lazima kuwe na sombe ya majani ya muhogo na bugali na samaki, isiwe matoke peke yake kama kwamba mtoto hana kwao. Nilijiandaa kwa vita. Nikaenda Katwe kwa mafundi wa vyuma nikaagiza sufuria kubwa za kupikia, nikafikiri: hapa sasa nitaonekana. Jumapili nikasimama kutangaza, Nalongo akapiga makofi kwa furaha. Kumbe alikuwa ameshaongea na akina mama wa Kikongo wa kwaya waje kupika sombe, ameshawatafutia na mawese. "Nilikuwa na shida ya sufuria tu," akasema. "Mungu akubariki, dada." Watu wote wakapiga makofi. Yaya, nilitamani kuzitia moto zile sufuria.

Nikikuambia alivyopanga, utasema namsifu. Sikusudii. Alikwenda uwanjani alasiri, saa ile ile ambayo wageni wangekuwa wanakula, akaketi kwenye kiti cha plastiki mahali pa wazee, akakaa tu. Jua lilipomfikia usoni akahama. Lilipomfikia tena akahama tena, akaweka jiwe pale, akawaambia wenye mahema wasimamishe la wazee hapo. Spika akazisogeza mbali na hema hilo. Wapiga picha akawakataza kusimama mbele ya wageni. Kwa wakwe waliokuwa wanatoka Kenya, wamesafiri kwa basi, alitafuta chumba cha shule ya Jumapili, akaweka beseni za maji, mikeka na chai, ili wapumzike kabla ya ibada. Wenye mahema walipoondoka jioni ya Ijumaa, akachukua jembe mwenyewe, akachimba mfereji kuzunguka mahema. Hata ule mfereji niliuonea wivu.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho sikuwa tayari kumwachia. Kiti. Mbele, karibu na Baba Sifa, palikuwa na kiti cha mama wa bibi harusi. Nilimwendea shemeji nikamwambia kile ni cha Mapendo, na mwenye kukaa kwa niaba ya Mapendo ni mimi. Akajikuna kichwa, unajua anavyojikuna. "Riziki, hilo muongee ninyi wawili."

Nikamfuata Nalongo akiwa anaosha mchele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya heshima na yenye miiba ndani. Sikufika nusu.

"Kaa wewe," akasema. "Mimi kukaa siwezi. Niko na watu ya kulisha."

Hivyo tu. Bila hata kuinua uso. Nilitoka pale nikiwa nimepata nilichotaka, na mikono mitupu. Mtu akikupa kitu kirahisi hivyo hujui kama amekupa au amekitupa.

Siku yenyewe, Yaya! Sifa alivaa gauni lenye mikono mirefu, na shingoni mkufu wako mdogo. Alipoingia kanisani watu wa kwetu walipiga vigelegele mpaka mchungaji akatabasamu. Nilivaa kitenge cha buluu. Niliketi kwenye kile kiti nikanyoosha mgongo, nikaona wanawake wa kwaya wakinitazama, nikasema moyoni, naam, tazameni.

Mvua ilianguka tukiwa kwenye chakula. Mvua ya Kampala, haikupiga hodi. Upepo ukavuta mahema, wageni wakainua miguu wakisubiri maji yapite chini ya meza. Hayakupita. Yalizunguka kwenye mfereji yakaenda zake. Mama mkwe akatazama viatu vyake vikavu akasema, "Aliyepanga hapa ana akili." Shangazi Bora, mdomo umejaa sombe, akaelekeza fimbo upande wa jikoni. Siyo upande wangu.

Kisha ikaja keki. Mshereheshaji akatangaza, "Bibi harusi sasa atawapa wazazi wake." Sifa akaja na sahani, Barasa nyuma yake, akapiga magoti mbele yetu kama msichana wa Kampala, maana ndivyo alivyokulia. Akamlisha baba yake. Akanigeukia mimi. Nikafungua mikono.

Na yeye akainua macho, akatazama juu ya bega langu. Hakuniona. Alitazama nyuma yangu, akatafuta huku, akatafuta kule, mkono wenye keki umesimama hewani. Ilikuwa muda mfupi tu. Halafu akanitazama, akatabasamu, akanilisha. Watu wakashangilia. Mimi nilitafuna na sikuonja chochote. Niligeuka kutazama alichokuwa anakitafuta, nikamwona Nalongo amesimama kwenye mlango wa hema la jikoni, amevua viatu, mikono inadondosha maji, anapiga makofi pamoja na wengine.

Nilisema moyoni: nimekaa kwenye kiti cha mama, na mtoto amemtafuta mama mahali pengine.

Kesho yake baada ya ibada nilikuwa nyumbani kwa Baba Sifa nasugua sufuria. Sifa na mumewe walipitia kuchukua zawadi. Akanikumbatia kwa nyuma, mimi nikaendelea kusugua. Akauliza, "Mama mdogo, nimekukosea?" Nikajibu hapana. Akauliza tena. Nikamwambia, bila kumtazama, "Ungempa yeye ile keki. Ulikuwa unamtafuta yeye, nilikuona."

Akaniachia. Nilipogeuka alikuwa analia, mikono imeshika masizi yangu, anajifuta kwa viwiko ili asijichafue uso.

"Sikuwa namtafuta Nalongo," akasema. "Nilikuwa namtafuta Mama. Najua hayupo, najua. Lakini niliposikia 'wazazi wake', macho yalikwenda yenyewe."

Nikamshika. Tukalia pale, masizi ya sufuria yakaingia kwenye nguo yake mpya. Na wewe unanijua, kwa hiyo sitakuficha nilichohisi hata katikati ya kulia. Nilikuonea wivu wewe, Yaya. Wewe uliyelala chini ya udongo, ambaye hukupanda ngazi, hukuketi juani, hukukunja kitenge hata kimoja, na bado mkono wenye keki ulisimama hewani ukikungoja.

Walipoondoka, Nalongo akaja akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha miguu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alikuwa amesikia, maana dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Akajikanda vifundo. Mwishowe akasema, "Unafikiri mimi sioni wivu?"

Nikadhani ananisema mimi. Nikaanza kujitetea.

"Siyo wewe," akasema. "Wewe unagombana, unanuna, mimi nakuona. Lakini Mapendo? Picha yake iko ukutani, nafagia chini yake kila siku. Mzee akikohoa usingizini anaita jina yake. Mapendo hakosei. Hachomi chakura. Nitapigana naye namna gani?"

Kicheko kilinitoka, Yaya, cha ghafla, cha kuuma mbavu. Yeye naye akacheka. Tulicheka mpaka Baba Sifa akatoka nje kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumwambia. Halafu Nalongo akachukua sufuria nyingine akaanza kuisugua upande wake, mimi upande wangu.

Sikuambii kwamba wivu umekwisha. Jana Sifa alinipigia simu, na kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni kama alikuwa amempigia Nalongo kabla yangu. Alikuwa amempigia. Nikanuna mpaka chakula cha mchana. Lakini sasa nikinuna najua kuna mwanamke mwingine mji huu huu anayenuna kwa sababu ile ile, na sote wawili hatuwezi kukushinda.

Lala, dada yangu. Mtoto wako yuko katika mikono mema, na wageni wake walikula wakashiba, hakuna aliyelowa. Shangazi Bora alicheza akiwa ameketi.

Nakuahidi jambo moja, na unishikilie kwa hilo. Siku Mungu akimpa Sifa mtoto, tutakwenda hospitali pamoja, Nalongo na mimi. Na nitamwacha Nalongo ambebe kwanza. Imeniuma kuandika sentensi hiyo. Nimeikata mara moja, nimeiandika upya, na sasa naiacha hapo.

Mdogo wako,
Riziki